Kama huwezi kuandika jina la shosho, wewe bado si dizaina

Bango lilikuwa la shosho wa rafiki yangu. Jamaa ni mwendeshaji boda hapa Makutano, mjini Meru, lakini kwa upande wa mama yake ni mtu wa Embu, na mazishi yalikuwa huko. Alinipa picha, miaka miwili, ule wa kuzaliwa na ule wa kuaga, na jina. Nikakesha kwa kompyuta usiku mmoja na nikatoa kazi ambayo mimi mwenyewe niliiona fiti: picha ndani ya duara, maua pembeni, jina kubwa chini kwa fonti ya mwandiko wa mkono.

Jina hilo lilikuwa na ĩ mbili na ũ moja. Kwa skrini yangu lilitokea vizuri kabisa. Nikatuma faili kwa duka moja la kuchapisha mjini Embu, ili familia ilichukue asubuhi ikielekea nyumbani, badala ya mimi kulibeba kutoka Meru kupitia Nkubu, Chogoria na Chuka.

Nilichosahau ni kwamba kompyuta ya duka haikuwa na ile fonti yangu. Ikachagua nyingine, na hiyo nyingine haikuwa na ĩ wala ũ. Pale palipostahili kuwa na herufi hizo, ikaweka visanduku vitupu. Tatu.

Nilifika mazishini bango likiwa tayari limefungwa kwa miti miwili. Mzee mmoja, mtoto wa marehemu, alisimama mbele yake kwa muda mrefu, mikono nyuma. Kisha akaniita.

“Kijana, haya masanduku matatu ni ya nini? Sisi leo tumeleta moja tu.”

Hakuna aliyecheka. Nilirudisha pesa yote, shilingi 3,500, na nikamwambia rafiki yangu kwamba duka ndilo liliharibu. Huo ulikuwa uongo. Faili ilitoka kwangu, na kazi ya kuhakikisha herufi hazitabadilika njiani ilikuwa yangu. Ni kubonyeza vitufe viwili tu, na sikuvibonyeza.

Tangu siku hiyo nina msimamo ambao wasee wengi wa kazi hii hawaupendi. Ukitaka kujiita dizaina hapa Meru au Embu, jua kwanza kuchagua umbo, kupanga umbo na kubadilisha umbo. Athari, vivuli na rangi za kumetameta zinaweza kungoja. Kipimo chako cha kwanza kiwe jina la shosho wako: uweze kuliandika kwa herufi zake zote, kwa fonti yoyote, kwa ukubwa wowote, na litoke hivyo hivyo kwenye printa ya mtu mwingine.

Vile viwimbi si mapambo

Kuna watu hudhani ile alama juu ya ĩ na ũ ni madoido. Si madoido. Kiswahili kina irabu tano: a, e, i, o, u. Kĩmĩrũ na Kĩembu zina irabu saba. Herufi za kuandikia irabu ni tano tu, kwa hivyo mbili zikavishwa kofia. Ĩ husikika karibu na e, na ũ husikika karibu na o. Mtu asiyejua lugha akikuta “Kimiru” bila alama, atasoma kitu ambacho hakuna mtu wa Tigania wala Imenti huita lugha yake. Ukiondoa kiwimbi umebadilisha sauti ya jina.

Sasa kwa nini fonti nyingi hazina herufi hizi? Sababu yake ni ya zamani. Orodha moja ya herufi za kompyuta iliyosambaa sana, ISO 8859-1, ilitoka mwaka 1987 ikilenga lugha za Ulaya Magharibi. Ndani yake mna ñ ya Wahispania na ã na õ za Wareno. Hamna ĩ wala ũ. Herufi zetu ziliingia kwenye orodha kubwa ya Unicode ilipoanza mwaka 1991, lakini mpaka leo wachoraji wengi wa fonti za bure huishia kwenye ile orodha ya kwanza. Kwao kazi imekwisha. Kwetu sisi ndipo shida inaanzia.

Hapa kuna siri ambayo ningependa mtu angeniambia mapema: Kivietinamu pia kinatumia ĩ na ũ. Kwa hivyo ukienda Google Fonts, chuja fonti kwa lugha, chagua Kivietinamu, na karibu kila kitakachobaki kitaandika majina ya kwetu bila kulia. Watu wa Hanoi walidai fonti zinazotosha lugha yao, na sisi tunafaidi bila kulipa. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza, na ni ya bure: usianze na fonti, anza na jina, kisha utafute fonti inayolitosha.

Lakini si kila siku utachagua fonti. Mteja atakuja na nembo ya kikundi chake iliyotengenezwa 2015, au kadi ya harusi ya dadake, na atasema, “Nataka mwandiko huu huu.” Fonti hiyo haina ĩ. Hapo ndipo utajulikana kama wewe ni dizaina au ni mtu wa kubandika maneno juu ya templeti.

Chagua, panga, umba

Programu za vekta, kama CorelDRAW, Adobe Illustrator na Inkscape, hazihifadhi picha kama mkusanyiko wa vidoti vya rangi. Zinahifadhi maumbo: mstari unaanzia hapa, unakunja pale, unafunga kule. Ndiyo maana umbo la vekta unaweza kulikuza kutoka stempu hadi ukuta mzima na halitoki ukungu. Hesabu ya mikunjo hiyo inabeba jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault kule Ufaransa, aliyeitumia miaka ya 1960 kuchora mabodi ya magari. Paul de Casteljau wa kampuni ya Citroën alikuwa ameshaifikia mwaka 1959, ila kampuni yake iliificha. Herufi ndani ya fonti nazo zimechorwa kwa mikunjo ya aina hiyo. Maana yake ni kwamba herufi ni umbo kama umbo lingine lolote. Unaweza kuifungua na kuirekebisha.

Tuseme nataka kuandika Kĩmĩrũ kwa fonti ambayo haina ĩ wala ũ. Nitumie CorelDRAW, kwa sababu ndiyo niliyoikuta kwenye saiba na maduka mengi ya uchapishaji niliyofanyia kazi.

Naandika “Kimiru” bila alama. Pembeni naandika ñ moja kwa fonti hiyo hiyo na kwa ukubwa huo huo. Fonti nyingi ambazo hazina ĩ zina ñ, kwa sababu ya ile orodha ya 1987. Nabonyeza Ctrl+Q kugeuza ñ kuwa mikunjo. Sasa si herufi tena, ni umbo. Nabonyeza Ctrl+K kulivunja, na linakuwa vipande viwili: n na kiwimbi chake. Nafuta n. Nimebaki na kiwimbi kilichochorwa na mwenye fonti mwenyewe, chenye unene na mtindo unaofanana na herufi zingine. Wareno na Wahispania wametukopesha kofia.

Narudi kwa neno. Ctrl+Q, kisha Ctrl+K. Herufi zote zimeachana. Nachagua vidoti viwili vya i na kuvifuta, maana ĩ haivai kofia juu ya kofia. Nakopa kiwimbi mara mbili zaidi kwa Ctrl+D, nakuwa navyo vitatu.

Sasa inakuja kuchagua, na hapa ndipo wengi huharibu. Kwenye Corel, ukichagua maumbo moja moja huku umeshika Shift, lile la mwisho kuchaguliwa ndilo linalobaki mahali pake, na mengine yanalifuata. Kwa hivyo nabofya kiwimbi kwanza, herufi baadaye, kisha nabonyeza C. Kiwimbi kinasogea na kukaa katikati juu ya herufi. Ukigeuza mpangilio huo, herufi ndiyo itatoka kwenye neno kufuata kiwimbi, na utashangaa kwa nini jina limeng’oka jino. Mimi nilishangaa kwa karibu mwezi mzima.

Baada ya C, tumia macho. Kwenye fonti nyingi u ina mkia upande wa kulia, na katikati ya hesabu si katikati ya macho. Sogeza kiwimbi kidogo kushoto kwa kitufe cha mshale mpaka kikae. Kompyuta itakupa hesabu. Macho ni yako.

Mwishowe nachagua kila kitu na kubonyeza Ctrl+L. Vipande vyote vinakuwa umbo moja, hakuna kiwimbi kitakachobaki nyuma nikisogeza jina.

Jaribu sasa Kĩembu na utakutana na mtego. Ukivunja neno kwa Ctrl+K, e na b zitaziba tumbo. Lile tundu lililo ndani ya herufi ni umbo pia, na ulipovunja limekuwa kipande cheusi kilicholala juu ya herufi yake. Kwenye “Kimiru” hukuona shida kwa sababu hakuna herufi yenye tundu. Dawa ni kuchagua herufi na tundu lake pamoja, kisha Ctrl+L, na tumbo linafunguka. Njia ya werevu zaidi ni kutolivunja neno kabisa. Ligeuze kuwa mikunjo, chukua chombo cha kubadilisha umbo kwa F10, zungushia nodi za kidoti cha i peke yake, bonyeza Delete. Nodi ni vile vimraba vidogo vinavyoonekana kwenye mstari wa umbo. Kidoti kinaenda, herufi zingine hazijaguswa.

Na kama fonti haina hata ñ? Chora kiwimbi mwenyewe. Piga mstari mfupi ulionyooka, chukua F10, geuza mstari kuwa mkunjo, kisha vuta mkono wa nodi ya kushoto juu na wa kulia chini. Umepata wimbi. Lipe unene unaolingana na herufi. Halafu, tafadhali, bonyeza Ctrl+Shift+Q ili ule unene uwe umbo. Usipofanya hivyo, siku mteja atakapokuza kadi kuwa bango, herufi zitakua lakini unene wa mstari unaweza kubaki ule ule, na kiwimbi chako kitaonekana kama unywele uliodondokea kwenye karatasi.

Hayo yote, ukishazoea, hayamalizi dakika tano.

“Hakuna mtu huangalia”

Nikieleza haya kwa wenzangu, jibu la kwanza huwa moja: bana, hakuna mtu huangalia viwimbi. Hata kitambulisho changu hakina. Simu nyingi haziviandiki kirahisi. Magazeti hayaviweki. Mbona nijisumbue?

Naelewa. Mimi mwenyewe nikiandika meseji siweki. Lakini meseji si bango la mazishi. Kuna vitu vinaandikwa mara moja tu katika maisha ya mtu, na jina kwenye mazishi yake ni kimojawapo. Na si kweli kwamba hakuna anayeangalia. Vijana hawaangalii. Wazee wetu waliojifunza kusoma kwa lugha ya mama wanaangalia, na ndio wanaosimama mbele ya bango mikono nyuma.

Tena kuna mtu aliyewafundisha wachapishaji wa dunia nzima kuangalia. Ngũgĩ wa Thiong’o, wa Limuru, aliyeaga dunia Mei 2025, alikuwa na kiwimbi juu ya u na kingine juu ya i, na jina hilo limechapishwa hivyo kwenye majalada London na New York. Riwaya yake Caitaani Mũtharaba-inĩ, aliyoiandika kwa Gĩkũyũ akiwa kizuizini Kamiti na ikachapishwa 1980, ina viwimbi kwenye kichwa chenyewe. Kama mchapishaji wa ng’ambo anaweza kupata ũ ya mtu wa Limuru, mimi wa Makutano nitasema nini nikishindwa na ya mtu wa Runyenjes?

Jibu la pili ni kwamba siku hizi kuna programu za templeti kwa simu, na sasa akili unde inachora bango lote ukiiambia tu. Sina ugomvi nazo. Posta ya mechi ya Jumapili itengeneze kwa simu, ikae kwa status, iishe Jumatatu. Lakini picha ambayo akili unde hukupa kwa kawaida ni vidoti. Herufi zake zimegandana na picha. Ikikosea jina huwezi kuchagua ile herufi moja na kuirekebisha, kwa sababu hakuna herufi pale, kuna rangi tu zilizokaa kama herufi. Templeti nazo zinakuruhusu kuandika na kusogeza. Siku jina litakapokataa utakuwa huna pa kushika.

Halafu kuna mashine ya kukata stika, ambayo haina huruma kabisa. Maandishi kwenye kioo cha matatu au mlango wa duka hayachapishwi, yanakatwa. Kisu kinafuata mstari wa umbo, kila mstari, bila kufikiria. Ukitumia fonti ya mwandiko wa mkono, herufi zinalaliana pale zinaposhikana, na kisu kitakata hata ndani ya huo mlalio. Utabandua stika na herufi zitatoka vipande. Lazima uchague zote na kubonyeza Weld ili ziwe umbo moja lenye mstari mmoja wa nje. Na ukimpelekea fundi nembo uliyoipata kwa kubonyeza tu kitufe cha kugeuza picha kuwa vekta, mara nyingi itakuja na nodi mamia mahali ambapo kumi zingetosha. Kingo zinatoka zimekwaruzika kama zilitafunwa. Kufuta nodi zisizo na kazi na kubakiza zile za maana ni ujuzi, na fundi ataujua ukiwa nao hata kabla hujaongea.

Pesa na ukweli

Jibu la tatu ndilo zito: kazi hii inalipa kidogo, kwa nini niiweke moyo? Mteja anataka bango leo, anakulipa kesho, na akitoka hapo ataenda kwa mwenye bei ya chini.

Ni kweli. Lakini tujiulize kwa nini anahama kirahisi hivyo. Kama kazi yangu na ya jirani yangu zote ni templeti ile ile, tofauti pekee iliyobaki ni bei, na mteja hana kosa kuchagua ya chini. Mtu ambaye umemwandikia jina la mamake sawasawa hakusahau. Mwaka uliopita familia tatu zilinitafuta kwa sababu moja tu, mtu aliwaambia, “Huyo kijana anaweka zile alama.” Si utajiri, lakini kodi ya nyumba ililipwa.

Na uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 ndio huo. Kuanzia Igembe hadi Mbeere, wagombea watataka sura na majina yao kila ukuta. Faili moja itatoka kwako iende kwa kadi ndogo ya mkononi, fulana, bango la barabarani na stika ya gari, kwa maduka matano tofauti. Ambaye faili yake inafunguka sawa kila mahali ndiye atapigiwa simu tena. Ambaye mheshimiwa wake atatokea na visanduku kwa jina ajiandae kuzima simu.

Kuhusu programu zenyewe, niseme wazi kwa sababu tunajuana. CorelDRAW nyingi mtaani ni za kuvunjwa, zinazunguka kwa flashi pamoja na virusi vyao. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu, na dizaina anayelia kwamba mtu ameiba nembo yake huku anaitumia Corel ya wizi anajichekesha. Mimi nilikuwa huyo. Nilihama polepole kwenda Inkscape, ambayo imekuwepo tangu 2003 na ni ya bure kihalali, kwa Windows, Linux na Mac.

Vitufe vinabadilika kidogo. Kugeuza maandishi kuwa mikunjo ni Shift+Ctrl+C, na hapo herufi zinatoka kwa kundi, unazifungua kwa Shift+Ctrl+G. Kuvunja ni Shift+Ctrl+K, kuunganisha ni Ctrl+K, kupanga ni Shift+Ctrl+A, na chombo cha nodi ni N. Ina udhaifu pia. PDF yake hutoka na rangi za skrini, kwa hivyo omba duka likuchapie kipande kidogo cha majaribio kabla ya bango lote. Lakini kuchagua, kupanga na kuumba ni yale yale. Ukijifunza wazo, vitufe utavizoea ndani ya wiki.

Nilikaa chuoni mihula mitatu kabla karo kukata, na tulipofika kwa kompyuta, tulianzia kwa athari: kivuli, moto, maandishi ya dhahabu. Hatukuwahi kupewa jina la mtu tuliandike sawasawa. Kwa walimu wa kozi fupi mjini Meru na Embu, nina ombi dogo. Siku ya kwanza, mwambie kila mwanafunzi aandike jina la shosho wake kwa fonti isiyo na viwimbi, alitume kwa kompyuta nyingine, na alikuze mpaka lijaze ukuta. Atakayefaulu ameshajua nusu ya kazi. Na darasa zima litarudi nyumbani kuuliza jina hilo linaandikwaje hasa, jambo ambalo wengi wetu hatujawahi kuuliza.

Kwa wateja pia nina neno. Usitume jina kwa meseji ya haraka halafu ulaumu dizaina. Jina la mtu wenu mnalijua nyinyi.

Siku hizi, familia ikija kwangu kwa kazi ya mazishi, kabla sijawasha kompyuta naweka karatasi na kalamu mezani. Naomba mkubwa wao aandike jina kwa mkono wake, na viwimbi vyake. Kama hajui kuandika, alitamke, na mwingine aandike huku yeye anasikiliza. Karatasi hiyo naibandika ukingoni mwa skrini. Nikimaliza nabonyeza Ctrl+A, kisha Shift+Ctrl+C, natuma faili, halafu napigia duka simu na kumwambia aliye zamu anisomee jina lote, herufi kwa herufi. Wengine hukasirika. Nawaambia wasome tu, nalipa hiyo dakika.